Taa ya Baba Yako Mtoni Rishikesh

Dagoretti, Jumatatu alasiri

Maitu,

Nisamehe kwa kukunyamazia. Mvua ndefu ilianza na kwisha, baridi ikaja ikapita, sasa maua ya mijakaranda yanaanguka barabarani, na katika muda huo wote hukupata neno lolote kutoka kwangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba mtu akisalimiwa huitikia. Uliniuliza hali, ukaniuliza magoti, ukaniuliza kama nimekula. Nilisoma yote na sikujibu hata moja. Sitatafuta udhuru mzuri wa jambo baya. Nitakueleza lilivyokuwa, nawe utapima mwenyewe.

Jana dada yako Njeri alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi, akanisomea ujumbe uliomtumia. Umesema kwamba ikiwa kwenda kwako Rishikesh, kuongoza mashua na kufundisha yoga, kutanifanya ninyang'anywe kitambaa cha kichwa cha chama cha akina mama kanisani, basi utaghairi safari na kubaki Nairobi. Ndege yako ni kesho jioni. Jibu langu haliwezi kungoja, na ninaliweka hapa juu ili usilitafute katikati ya maneno mengi ya mwalimu mstaafu: nenda.

Mambo ya koti, dawa na pasipoti sitayagusa. Njeri ameyasema mara nyingi kiasi kwamba hata mimi nayajua kwa moyo. Kesho nitakuja kukusindikiza, lakini mbele ya mizigo na watoto wa Njeri sitaweza kusema haya. Unanijua. Mdomo wangu ni wa kusahihisha. Nikitaka kusema jambo la moyoni, lazima niketi niandike.

Wewe unaukumbuka mji ule kwa mto. Mimi naukumbuka kwa baba yako.

Madaktari wa Delhi walikuwa wamemaliza kumpasua na kumshona, wakatuambia apumzike kidogo kabla ya kupanda ndege. Ukasema kwamba kuna mji chini ya milima, mji wa mahujaji wa Kihindu, hewa yake ni safi, na kwamba hapo wanashuka mtoni kwa mashua za mpira katika maji makubwa kuliko yale ya Sagana ulikokuwa ukifanya kazi. Nilikukasirikia. Nilidhani unamgeuza baba yako mgonjwa kuwa sababu ya matembezi yako. Nilikosea. Yeye ndiye aliyekuomba umpeleke, mkanificha wote wawili kwa sababu mlijua nitakataa. Aliniambia hilo baadaye, tukiwa nyumbani, akacheka mpaka akashika mshono.

Hasira ile ilikuwa ya siku nyingi, na Rishikesh haikuianzisha. Ulipoacha kazi ya benki katikati ya jiji, na dawati lako, na kadi yako ya kufungulia milango, ukaenda kuwa kiongozi wa mashua, niliona aibu. Niliwaambia wenzangu wa kanisani kwamba uko likizo. Likizo hiyo iliendelea mpaka mmoja wao akapita Sagana na kukuona umebeba mashua kichwani pamoja na vijana wanne, matope hadi magotini, ukiimba. Alipokuja kuniambia, nilimuuliza kama ana hakika ni wewe. Akasema, "Mama Njeri, ni yule yule, na alinisalimia vizuri." Hilo la mwisho lilinipa raha kidogo.

Tulipofika Rishikesh tulipewa chumba katika nyumba ya watawa inayopokea wageni. Unakumbuka asubuhi ya kwanza mezani? Baba yako aliuza nyama hapa Dagoretti tangu ujana wake, na alikuwa amefika katika mji ambao nyama haiuzwi.

"Muulize kama ana mayai," akakuambia.

"Baba, hapa hakuna mayai. Ni mji mtakatifu."

"Hata la kuchemsha?"

"Hata la kuchemsha."

Akazitazama dengu zake kwa muda. "Basi hawa watu wana imani kweli," akasema, akazila zote na kuomba nyingine.

Halafu yule fahali aliyesimama katikati ya daraja la kamba za chuma, pikipiki zikamngoja, mahujaji wakampita pembeni wakimgusa paji la uso kwa heshima. Baba yako naye akamgusa, lakini aliminya pale mgongoni, karibu na mkia, kama alivyokuwa akifanya zizini kabla ya kununua. Nikamwambia aondoe mkono tusije tukatupwa mtoni. Akasema, "Namsalimia tu." Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Nami nilijizuia kucheka kwa sababu nilikuwa bado nimekukasirikia, na sasa najuta kwa kicheko kile nilichokimeza, maana hatukubaki na vingi.

Na mwalimu wa yoga, yule kijana mwembamba uliyetaka kujifunza kwake. Ulinilazimisha nikae kwenye mkeka. Akatuambia tupumue. Nikamwambia kwamba nimepumua tangu kuzaliwa bila kuelekezwa. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama, umepumua nusu." Nilitaka kumtoa nje ya darasa, ila darasa lilikuwa lake. Akanionyesha namna ya kuinua mguu nikiwa nimelala na kuushusha polepole kwa ajili ya magoti, na wewe unajua kwamba tangu hapo ninapanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta.

Lakini ninalotaka kukuandikia ni siku uliyoshuka mtoni. Kiongozi wao mkuu, yule wa masharubu, alikutazama kuanzia viatu hadi nywele, akakuweka mbele pamoja na watalii. Ulinyamaza ukakaa mbele. Sisi tulipelekwa kwa gari hadi mahali pa kutazamia. Mashua yenu ilipotokea kwenye kona, wewe ulikuwa nyuma, kwenye nafasi ya kuongoza, na mtu wa masharubu alikuwa ameshika kasia kama abiria. Sijui ulimwambia nini huko juu, na hujawahi kunieleza. Kisha maji yakawa meupe na mashua ikasimama wima, nami nikafumba macho.

"Usifumbe macho," baba yako akaniambia. "Yuko kazini."

Nikafumbua. Ulikuwa ukipaza sauti, na watu wazima sita, wanaume kwa wanawake, walikuwa wakifanya ulichosema, papo hapo, bila swali. Mimi nimefundisha shule ya upili maisha yangu yote na sikuwahi kutiiwa hivyo. Nilikwambia jioni ile kwamba umeungua jua puani. Hilo ndilo neno pekee nililokupa. Baba yako alinitazama.

Jioni hiyohiyo tukateremka kwenye ngazi za mtoni, pale watu wanapokusanyika jua likizama, makuhani wakizungusha taa za moto na kengele zikilia. Wanauza vibakuli vya majani vyenye maua ya manjano na utambi mdogo katikati. Mtu huwasha na kuuacha mto uchukue. Baba yako akanunua kimoja. Hakuweza kuinama kwa sababu ya mshono.

"Niwekee," akaniambia.

"Unajua mimi ni mwenyekiti wa chama cha akina mama kanisani."

"Mwenyekiti yuko Dagoretti. Hapa uko na mimi."

Nikavua viatu. Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyodhani. Nikasema Sala ya Bwana yote, kwa Kiswahili, bila kuruka neno, kisha nikamwomba Mungu wangu, yule ninayemwomba kila siku, ampe mume wangu muda. Nikakiachia kibakuli. Kikazunguka kwenye jiwe, kikashika mkondo, kikaenda. Baba yako akaniuliza kama kimezimika. Nikamwambia bado. Akaniuliza tena, nikamwambia bado. Hapo ndipo ulipopiga ile picha.

Muda nilioomba haukuwa mrefu. Alizikwa kwenye kipande chetu cha ardhi nyuma ya nyumba, na wewe ulikuwepo. Taa ile haikumponya na haikumuua. Ilikuwa jambo ambalo mume wangu aliniomba nami nikalifanya, na kati ya yote niliyomfanyia katika ugonjwa wake, ndilo pekee lisilokuwa na uchungu ndani yake.

Mwaka ulipotimia tangu afe, uliiweka picha ile kwenye simu yako, watu waione, ukaandika kwamba ni mama akimwekea baba taa mtoni Rishikesh. Hukukosea. Katibu wetu wa chama akaiona, akaituma kwenye kundi letu la simu bila neno lolote, picha peke yake. Wiki iliyofuata nikaitwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa.

Walikuwa katika ofisi ya Mchungaji. Mzee Gitau alikaa karibu na dirisha. Ni yule yule aliyefanya biashara ya nyama bega kwa bega na baba yako, na aliyeshika ncha moja ya jeneza lake. Akanionyesha simu.

"Mama Njeri, huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Shingo imetokea vibaya, lakini ni mimi."

"Na hii ni taa?"

"Ni taa, Mzee."

"Ulikuwa unampelekea nani?"

"Mume wangu aliitaka. Niliiweka kwa ajili yake, na niliyemwomba ni Baba yetu uliye mbinguni. Mkitaka nitawasomea nilivyosema."

"Mume wako amelala. Hawezi kutuambia."

"Ndiyo maana nawaambia mimi."

Akahama kwenye taa, akaja kwako. "Na huyu msichana wako na hii yoga anayofundisha kule Muthangari. Sasa anarudi huko kwa Wahindu kabisa. Hiyo si ibada?"

Nikamwambia, "Mzee Gitau, yale mazoezi ya mgongo uliyoniomba, ambayo mke wako anasema unayafanya kila asubuhi kabla ya chai, ulidhani niliyatoa wapi?"

Wazee wawili wakacheka, mmoja akajifanya anakohoa. Mzee Gitau akaitazama meza.

"Na mgongo unaendeleaje?" nikamuuliza.

"Mgongo uko afadhali," akasema. "Lakini hilo si swali la leo."

Nimesimulia hilo ili ucheke. Lililofuata halichekeshi. Mchungaji ni kijana niliyemfundisha darasani, na mpaka leo ananiita Mwalimu. Alisema kwa upole, na ninaamini upole wake ulikuwa wa kweli. "Mwalimu, hatutaki kukuumiza. Simama Jumapili moja, useme kwamba mtoto wako alikupotosha, na kwamba umemkataza kurudi huko. Ni dakika moja. Kitambaa kitabaki kichwani." Halafu akaongeza kwamba, mpaka jambo hili liishe, ni busara nisiwasiliane nawe, nisije nikachochewa.

Nilikataa kusema Jumapili. Nilijiona shujaa. Lakini lile la pili, la kutowasiliana nawe, nilikubali. Nilijiambia kwamba nimewanyima kubwa, basi niwape dogo, waone kwamba mimi si mkaidi. Hivyo ndivyo ulivyogeuka kuwa kitu kidogo nilichoweza kukitoa. Hilo ndilo kosa langu, na kosa hilo silisamehe kwa urahisi hata kama wewe utalisamehe.

Ulikuja hapa Jumamosi moja. Mpangaji wangu alikuwa akianika nguo, akakuambia nimekwenda sokoni. Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo. Nilikuwa jikoni, nyuma ya pazia. Nilikuona umekaa kwenye ngazi ukafunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka, ukaweka maparachichi mlangoni, ukaondoka. Nilipokuwa mtoto wa shule nilichapwa kwa kusema uongo mdogo kuliko huo. Maparachichi niliyala. Nilimpa mpangaji mawili, naye akayapokea bila kunitazama usoni.

Niliwaogopa watu ninaowapenda, Maitu. Ningekuwa nawachukia ningepata nguvu mapema. Hofu ya namna hii huingia nyumbani ikiitwa heshima, ikakaribishwa kiti, na mtu huchelewa sana kugundua kwamba inamwamuru nani afunguliwe mlango.

Kwa hiyo sitaki uwadharau. Baba yako alipokuwa hawezi tena kuinuka, wanawake wale walifua mashuka yake kwa zamu. Alipokufa walilala kwenye sakafu ya sebule yangu, wazee kwa vijana, na asubuhi uji ulikuwa tayari bila mimi kuuliza moto umewashwa na nani. Mama yangu, ambaye jina lake ndilo lako na kwa sababu hiyo nakuita Maitu, yaani mama yangu, tangu ulipozaliwa, alizikwa akiwa na kitambaa kile kichwani, na wenzake wakamwimbia mpaka udongo ukajaa. Mwanamke aliyenyang'anywa haimbiwi. Huzikwa na jamaa zake, na wenzake husimama mbali, katika nguo za kawaida, kama majirani. Ninajua ninachokiweka mezani. Nimekiwaza nikiwa nimelala na nikiwa nimekaa, na ninakitaka sana. Lakini sitakinunua kwa jina lako.

Njeri haelewi. Jana, baada ya kunisomea ujumbe wako, alikaa kidogo.

"Mum, si useme tu sorry iishe? Ni maneno tu."

"Kama ni maneno tu, mbona wanayataka sana?"

"Wewe na Wairimu mnafanana. Mtu mmoja anapenda maji, mwingine anapenda vita."

"Dada yako hapendi maji. Anayajua. Hayo ni mambo mawili."

"Haya, Mwalimu," akasema, akanibusu, akarudi nyumbani kwake Karen. Usimkasirikie. Anataka sote tuwe mezani siku ya Krismasi bila mtu kununa, na hilo si jambo dogo. Anadhani amani ni watu wasiosema. Mimi nilidhani hivyo pia, na nimekwisha kukuambia ilinifikisha wapi: nyuma ya pazia la jikoni kwangu.

Sasa nisikilize jambo moja, maana sitaki uende ukidhani mama yako amegeuka mwingine. Mimi bado ni Mkristo wa Dagoretti. Sikuuabudu mto ule na sikutumi ukauabudu. Watu wake waliniheshimu, nami nawaheshimu, na walichokuwa wakifanya kwenye ngazi zile walikifanya kwa moyo wote. Lakini si imani yangu. Ukirudi na jina jipya na shanga shingoni nitakugombeza. Nitakugombeza vizuri, kwa sentensi kamili. Ila nitafanya hivyo lango likiwa wazi na chai ikiwa jikoni. Usiogope kurudi kwa sababu ya lolote utakaloliona au kuliamini. Mimi nimemfungia mtoto mlango mara moja na sitarudia.

Na huko nako kuna wazee wa baraza. Wapo kila mahali. Kule wana masharubu. Watakuambia mwanamke haongozi mashua kwenye maji yale, au Mwafrika hafundishi yoga kwenye mji ule wao wenyewe. Siku ile ulinyamaza ukakaa mbele, na baadaye ulikuwa nyuma ukiongoza. Sina la kukufundisha hapo. Ila ujue kwamba kunyamaza kwako na kunyamaza kwangu havikuwa kitu kimoja. Wewe ulinyamaza ukisubiri maji yaseme. Mimi nilinyamaza ili nisionekane. Ukijikuta siku moja unanyamaza kama mimi, hata kama ni kwa watu wazuri, hata kama wanakuita kwa upole, simama ujiulize umemtoa nani.

Wala usitume fedha wala zawadi za kunipoza. Wala usiombe radhi kwa ile picha. Niliishusha baada ya kuitwa na baraza, na sasa nimeirudisha. Iko kwenye fremu, ukutani, juu ya kiti cha baba yako, na mtu yeyote anayeingia hapa huiona kabla hajapewa kiti. Katibu wa chama alikuja juzi kuniletea barua ya wito. Aliitazama picha, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe maji yalikuwa yamefika hadi hapo kwenye miguu." Nikamwambia yalikuwa ya baridi. Akauliza kama Baba Njeri alifurahi. Hilo ndilo swali la kwanza la maana nililoulizwa na mtu yeyote juu ya jambo hili. Nikamwambia alifurahi. Akanywa chai yake yote.

Baraza litakaa Alhamisi, pamoja na akina mama wa chama, kanisani. Wewe utakuwa umekwisha kufika. Desturi yetu huijui, kwa sababu hukuwahi kutaka kuijua, kwa hiyo nakueleza. Mwanamke anayetiwa adabu hukileta kitambaa mwenyewe, kikiwa kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne. Hukiweka mikononi mwa mwenyekiti na kurudi kukaa nyuma. Hakuna anayemgusa. Hakuna anayepaza sauti. Mimi mwenyewe nimewahi kukipokea kimoja namna hiyo, cha mama ambaye binti yake aliolewa na mtu wa dini nyingine. Kilikuwa bado na joto la pasi. Nilikishika kwa mikono miwili, nikakitia kwenye mkoba, tukaendelea na wimbo, na usiku nililala vizuri. Nilifikiri tulikuwa na utaratibu mzuri. Sasa naona uzuri wake ulikuwa nini: aliyenyang'anywa ndiye aliyefanya kazi yote, na sisi wengine tulibaki na mikono safi.

Barua yao inaniomba nikilete kikiwa kimekunjwa.

Sitakikunja. Nitakwenda Alhamisi nikiwa nimekivaa kama nilivyovalishwa, kimebanwa kwa pini mbili nyuma ya kichwa. Sitakaa nyuma. Nitakaa kwenye benchi la mbele, mahali pangu, nikiwa nimenyoosha mgongo kama yule kijana mwembamba alivyonifundisha. Wakiniuliza, nitawaambia niliyokuandikia hapa, na sitasema kwamba ulinipotosha, kwa sababu hukunipotosha. Nikimaliza nitaketi na kunyamaza, nikiwa naonekana. Anayetaka kitambaa atainuka mbele ya wote, atakuja nyuma yangu, nami nitainamisha kichwa kidogo ili asihangaike na zile pini.

Sijui kama atakuwa Mzee Gitau. Sijui kama atakuwa katibu, au yule mama ambaye nilikipokea chake, maana alirudishwa chamani na sasa ana kura. Ana haki kuliko wote na sitamlaumu.

Wewe panda ndege. Nitakuandikia watakapoamua, nikuambie ni mkono wa nani uliozitoa, au kwamba tulikaa pale mpaka mlinzi akaja kufunga kanisa, na hakuna aliyeinuka.

Mama yako